Uso wa Bibi Harusi Peke Yake

Nilifungua uso wa bibi harusi tu, mwili wake wote nikauacha umelala. Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee.

Kisiwa cha Anjouan kilikuwa kimejitenga na Komoro yetu, meli hakuna, ndege ya kutua kule Ouani hakuna, kwa hiyo mama na wenzake wa huku kwetu Moroni wakaikosa harusi ya Zaliata, binti wa mama mdogo, kulekule kisiwani, mjini Mutsamudu. Ikaja CD ya video tu, kwa mashua ya magendo, imefichwa ndani ya kopo la karafuu (hata kompyuta ikaanza kunukia pilau). Mama akaalika mtaa mzima, kiti cha mbele akampa Bweni Moinecha (bweni kwetu ni bibi wa heshima), shangazi wa bwana harusi.

Sasa kompyuta yetu kikongwe, video inakwama kila pumzi. Mimi, fundi wa kujipachika, nilijua siri moja: video iliyobanwa haichori picha upya kila mara, inasema tu kipande gani kimebadilika, na usipokifungua kipande hicho, picha ya zamani inabaki palepale. Nikaiamuru programu ifungue mraba wa uso peke yake. Ikateleza kama samli! Nikaonja mwanzo tu, nikajipongeza.

Alasiri, sebule imejaa, Zaliata anacheka, analia, anakonyeza, kuanzia kidevu kushuka ni sanamu. Wanawake wanasubiri dhahabu (kwetu dhahabu ya mume ndiyo harusi yenyewe). Sauti ikasema, "Mvisheni!", vigelegele vikapasuka, shingo tupu. Ngoma ikaisha, shingo bado tupu.

"Dhahabu iko wapi?" mama akauliza.

"Mwulize mpiga picha," akajibu Bweni Moinecha.

"Namwuliza shangazi wa bahili! Mwanetu mmemvika upepo?"

Bweni akasimama. "Nikivuka mlango huu, kijana wetu anafungasha nguo zake, anatoka nyumba ya mkewe."

Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo hiyo ilikuwa talaka. Nikajitupa mlangoni. "Bweni, dhahabu ipo! Mimi ndiye sikuifungua!"

Nikaiwasha upya, picha nzima, ikakwamakwama: mkufu, ukakwama, mkufu mwingine, mpaka shingo ikapotea kabisa chini ya dhahabu. Mama akamshika Bweni mikono yote miwili mbele ya watu, akamwomba radhi. Bweni akaketi, akadai chai.

Tangu hapo nafungua picha nzima, hata ikwame mpaka niote ndevu. Kesho yake mchana mama akaniwekea sahani mbele.

"Wali wako nimeupika kona moja tu ya sufuria, kwingine ni mchele. Kula, baba, nimeokoa mkaa."