Kocha Ameacha Filimbi Nyumbani

Admin, jina langu usiliweke, hapa mtaa wa Majimbo, Embu, tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka ishirini na sita na mtoto wa miezi kumi ambaye hanipi usingizi, kwa hivyo nikiandika ovyo mnivumilie. Kwetu ni Kanyakine, kwa Wameru. Mume wangu ni Mgiriki.

Kwao alikuwa mchezaji wa basketboli wa kulipwa. Alikuja Embu kuwa kocha wa shule moja ya hapa, mimi nikiwa karani wa stoo hapo hapo shuleni, tukapendana, tukaoana kanisani nyumbani kwetu. Watu wote wanajua aliacha kucheza kwa sababu ya goti. Hiyo ndiyo hadithi aliyompa prinsipo wa shule. Ukweli tunaujua sisi wawili: daktari alimwambia moyo wake una kasoro, akikimbia kama zamani unaweza kusimama.

Kosta alipozaliwa tulifurahi kuona Wagiriki ni kama sisi Wameru, kijana wa kwanza anapewa jina la baba wa mume. Nikampigia mama mkwe simu, mume wangu akitafsiri, nijue huyo babu alikuwa mtu wa aina gani. Mama akaongea muda mrefu, akalia. Mume wangu akaniambia maneno matatu tu: "Alikuwa mtu mzuri." Ni wifi, anayejua Kiingereza, aliyenieleza baadaye. Mzee alianguka akafa uwanjani na mpira mkononi, akiwa na miaka thelathini na minane.

Mume wangu anafikisha thelathini na minane mwaka huu.

Kocha husimama pembeni na filimbi. Nguo zake zilikuwa zinarudi na vumbi tu. Tangu mwezi jana zinarudi zimelowa, zikikauka zinabaki na chumvi nyeupe mgongoni. Nikamuuliza. "Nawaonyesha tu, Mama Kosta. Vijana hawaelewi kwa maneno."

Halafu juzi sokoni, kijana mmoja wa timu akaniita, "Madam! Jana mzee wako ametuaibisha! Anaruka kama mbuzi wa Gachoka!" Mama wa nyanya akadakia, "Kumbe mzungu bado ana nguvu! Si muongeze mwingine?" Nikacheka nao, kisha nikarudi nyumbani bila nyanya.

Jumapili mchana alilala kwa kochi, Kosta kando yake. Nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikimbia, ukanyamaza, ukakimbia tena.

Kesho kuna mechi ya walimu na wanafunzi wa zamani, na ameandikisha jina lake. Nilimwambia wazi, "Baba Kosta, hiyo mechi hauchezi." Akanishika mkono kwa upole. "Hata nikisimama pale pembeni nakufa, ni vile wewe huoni. Na ukimwambia prinsipo, kazi imeisha, na mimi na wewe tumeisha."

Nampenda huyu mwanaume. Lakini sikumzaa Kosta aje aambiwe kwa simu kwamba babake alikuwa mtu mzuri.

Sasa ametoka kwenda mazoezi ya mwisho. Amebeba viatu vya kuchezea. Filimbi ameiacha kwa msumari karibu na mlango, mara ya kwanza tangu tuoane. Kosta nishamfunga mgongoni, ananyoosha mkono akiitaka. Shuleni ni dakika kumi kwa miguu na ofisi ya prinsipo inafungwa saa kumi na moja. Wenzangu, nishaurini sasa hivi: niende nikaseme nipoteze ndoa yangu, ama nikae hapa nimngoje?