Mwamba wa Marehemu na Bomba Linalobomolewa

Saa moja kasoro asubuhi, Fundi amepiga magoti kwenye ngazi za mawe ufukweni, anakata ngisi kwa mkasi wake wa cherehani. Vipande vinatoka vyembamba na virefu, vyote sawa, kama mikanda ya sketi. Kila akikata vitatu vinne anainua kichwa kutazama mjini, juu ya mapaa, kwenye bomba la moshi la kiwanda cha zamani.

"Jana lilikuwa na mistari mitatu ya chokaa," anasema. "Leo naona mmoja. Hawa watu hawapumziki?"

Kando yake, wifi yake anachota maji ndani ya mtumbwi kwa kopo la rangi. "Kata ngisi, wifi. Bomba halitarefuka kwa kukodolewa macho."

Bomba hilo linabomolewa kuanzia juu, tofali kwa tofali, na leo ni siku ya kumi na mbili. Kwa wengi mjini ni vumbi la kupiga chafya tu. Kwa Fundi ni alama ya kumfikisha kwenye mwamba wa chini ya maji alikovua mumewe kwa miaka ishirini na moja. Ameutafuta miezi saba. Hajauona.

Wavuvi wa mshipi hulijua eneo lao baharini kwa kulinganisha vitu vya nchi kavu. Kitu cha mbele kikikaa sawasawa na cha nyuma, umepata mstari mmoja. Ukipata mwingine kwa upande wa pili, mistari hiyo inapokatana ndipo unapotupa nanga. Mumewe hakuandika alama zake popote. Alimwambia mkewe hospitalini, siku mbili kabla ya kufariki kwa presha.

"Alisema, 'Ncha ya ukuta iguse ghala la saruji. Bomba likae juu ya tangi.' Akarudia. Nesi akaniambia, mama, mgonjwa anaweweseka, mwache alale. Na mimi nikamwacha alale."

Anachovya mkasi kwenye ndoo, anaufuta kwenye gauni.

Ukuta anaousema ni ule wa mawe unaokinga bandari dhidi ya mawimbi. Ghala la saruji analiona. Bomba analiona, au kilichobaki. Tangi pia analiona: la kiwanda cha barafu, kubwa, la kijivu. Amepanga alama hizo zaidi ya mara hamsini, na kila mara ametupa mshipi juu ya mchanga mtupu.

Wapo wanaomcheka kwamba enzi hizi kuna ramani kwenye simu. "Simu inakurudisha ulikowahi kufika," anawajibu. "Mimi mume wangu alinipeleka mara moja tu, nikatapika safari nzima. Nani anakumbuka matangi huku anatapika?"

Kabla ya msiba alishona sare za shule. Bado cherehani ipo chumbani, imefunikwa shuka. Kuvua alijifunzia kwenye maji ya karibu, pamoja na wifi yake aliyekua akipiga makasia na kaka yake ila hakuwahi kufika mwambani. Marehemu alizoea kurudi na kilo kumi na tano, hata kumi na nane za changu na chewa. Wao wawili wakipata kilo tatu wanashukuru. Juzi mwenye mgahawa aliwapindua samaki wao kwenye beseni akauliza, "Fundi, hawa wa wateja au wa paka wangu?"

Shemeji yake mkubwa anataka mtumbwi uuzwe, na mnunuzi amekuja kuukagua mara mbili. Fundi aliomba muda. Alitoa ahadi mbele ya familia: bomba likiisha kabla hajauona mwamba, atauachia mtumbwi uende na kurudi kwenye cherehani yake.

Wiki iliyopita alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa wabomoaji.

"Nikamwambia, baba, hamwezi kuacha hata robo? Akanitazama kama kichaa. Akasema, 'Mama, mimi nalipwa kubomoa. Silipwi kubakiza.'"

Maji yameanza kujaa. Wanasukuma mtumbwi. Wavuvi wawili wanaoziba nyavu zao hawakosi la kusema.

"Fundi! Leo unakwenda kupima samaki kiuno?"

"Nakuja kupima mdomo wako kwanza, nione zipu ya kutosha naipata wapi!"

Wifi anacheka hadi kasia linamponyoka.

Nje ya ukuta wa mawe, kiasi cha hatua mia mbili, ncha ya ukuta inagusa ghala la saruji. Fundi anaandaa mshipi wa ndoana mbili: ya juu anaitia kamba mbichi wa chambo, ya chini anaipitisha utepe wa ngisi mara mbili, kama anayepiga bandi nguo kabla ya kuishona. Wifi angependa kamba tupu. Samaki gani anakataa kamba?

"Hakuna," Fundi anamjibu. "Ndiyo shida yake. Anapendwa na kila mtu. Penye mchanga, vidagaa vinamdonoa mpaka unavuta ndoana tupu. Ngisi ni mgumu, hamwezi mtoto. Akivutwa kwa nguvu mara moja, ujue chini kuna mwenye nyumba."

Chini kabisa kuna chubwi, kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi. Kitako chake kina kishimo, naye anakijaza sabuni ya kufulia. Chubwi ikigonga chini, sabuni inanasa kilichopo. Anateremsha. Pima nane za mikono kwenda chini. Anavuta: mchanga mweupe, laini. Kamba ameliwa, ngisi yuko salama.

Wanasogea. Mchanga. Wanasogea tena. Mchanga. Fundi hatulii, anahama benchi, anarudi, anafunga ndoana ambayo haikufunguka. Kule mjini vumbi jekundu limeanza kupanda. Mstari wa mwisho wa chokaa umeondoka.

Wifi yake, mrefu kama alivyokuwa kaka yake, anaacha makasia na kusimama kunyoosha mgongo. Mtumbwi unayumba.

"Kaa chini!" Fundi anafoka. "Kaa chini utatuzamisha!"

"Subiri kidogo. Wifi, lile tangi jingine ni la nani?"

"Tangi gani? Tangi ni moja."

"Lile jeupe. Nyuma ya ukuta, kule shuleni."

Fundi anageuka. Akiwa ameketi, haoni kitu ila mawe ya ukuta. Anapanda juu ya benchi, wifi akimshikilia kiunoni kwa mikono miwili. Hapo ndipo linapochomoza juu ya mawe: kichwa cha tangi jeupe, kidogo kama kifuniko cha sufuria. Na bomba liko mbali nalo, kushoto kabisa.

Marehemu alivua akiwa amesimama. Mtaa mzima wa ufukweni unalijua hilo. Kila asubuhi alipoondoka, mkewe alikuwa akimpigia kelele kutoka kwenye ngazi akae chini asije akaanguka. Kwake yeye tangi la alama lilikuwa moja tu, hilo la shule, ndiyo maana hakusema lipi.

"Piga makasia," Fundi anasema. Wifi anaketi kupiga, naye Fundi, bado juu ya benchi, anajishikiza begani kwake. "Kulia. Ncha ya ukuta isiachane na ghala. Kulia, wifi, kulia!"

Bomba, fupi sasa kuliko mnara wa simu ulio jirani yake, linasogea polepole mpaka linakaa juu ya tangi jeupe. Anateremsha mshipi. Pima tano. Anavuta chubwi, na sabuni imechanika, imebeba chembe za matumbawe, bila punje ya mchanga. Anateremsha tena. Safari hii mshipi unavutwa mara moja tu, kwa nguvu, hadi unamchana kidole.

Ni chewa wa kilo nne. Wifi anapiga vigelegele peke yake katikati ya maji. Fundi ameketi, samaki akirukaruka miguuni mwake, hamtazami.

"Miaka yote ile," anasema, "namwambia akae chini."

Wifi anatupa nanga.

Hawakuondoka mpaka walipopata alama mpya badala ya bomba: tangi jeupe na mnara wa simu nyuma yake. Wifi ameiweka na kwenye simu, lakini Fundi alimkaririsha kwa mdomo njia nzima ya kurudi, kila akikosea anaanza upya. Siku tatu baadaye bomba likaisha. Mnunuzi ameambiwa mtumbwi hauuzwi.

Sasa kila asubuhi, wakisubiri maji yajae, Fundi anapanda mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye ngazi na kujifunza kusimama. Wifi anahesabu kwa sauti, wavuvi wa nyavu wanamtania.

"Wifi akiumwa siku moja, nani atanishika kiuno?" anauliza. "Yule alisimama miaka ishirini na moja. Na mimi nitasimama."

Jana alifika kumi na moja kabla ya kudaka ukingo wa mtumbwi. Anataka mwaka usiishe hajafika mia.