Feni ya Hita kwenye Milima ya Kipatimu

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti karakana ya serikali mjini Lindi nikiwa nimevaa shati jeupe, kosa ambalo sikulirudia. Mkuu wa Karakana, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu, akanipa testa. Testa ni taa ndogo yenye nyaya mbili: mmoja unaugusisha kwenye chuma cha gari, mwingine unagusa nao pale unapotafuta umeme. Taa ikiwaka, umeme upo.

"Hapa usiniambie unadhani," alisema. "Niambie imewaka au haijawaka."

Hilo ndilo somo langu la kwanza katika ufundi wa umeme wa magari, na nimelifanyia kazi miaka thelathini na minne.

Magari mengi ya wakati ule yalikuwa ya fo-wili, yanayosukumwa na magurudumu yote manne, yale ya bodi ngumu, mlango ukiufunga unasikika mtaa wa pili. Yalikuja na hita. Vijana wa sasa waliozoea kiyoyozi huenda hawaijui, kwa hiyo nieleze. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupita ndani ya rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Feni husukuma hewa kwenye rejeta hiyo, hewa inatoka na joto, unaielekeza miguuni au kwenye kioo cha mbele. Sisi tuliiona kama mzaha wa waliotengeneza magari. Nani Lindi anataka joto? Feni ikifa tuliiacha ife, na nyaya zake tukazitumia kwenye taa na honi.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Kilwa kusimamia umeme wa magari ya afya ya wilaya. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na meza yangu na daftari la matengenezo. Dereva aliandika ubovu upande wa kushoto, mimi nikaandika kilichofanyika upande wa kulia. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa Bakari, Mmatumbi aliyenizidi miaka kama kumi, mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Aliandika kwamba feni ya hita haizunguki. Nikamjibu kwa kalamu nyekundu: si muhimu huku pwani. Mvua za masika zilipokaribia akaandika tena, na mara ya tatu akaongeza kwamba kioo hufunga ukungu milimani. Sikwenda hata kuifungua feni. Niliandika maneno yale yale na kutia sahihi.

Masika hayo hayo gari likamzimikia Kipatimu, juu milimani. Nilipanda lori la bidhaa kumfuata, nikakuta waya wa starta umekatika. Nikauunga, asubuhi tukaanza kushuka kurudi Kilwa. Tulikuwa hatujafika mbali mvua ikaanza, nzito na ya baridi kama zinavyokuwa kule juu. Kwenye kijiji kimoja tukasimamishwa na mkunga wa zahanati, Bi Zuhura. Alikuwa na mama mjamzito aliyeanza uchungu tangu alfajiri, mtoto amelala kwa kukingama tumboni. Alihitaji upasuaji. Kurudi Kipatimu hakukuwezekana, kwani nyuma yetu maji yalikwishafunika daraja tulilotoka kuvuka. Ilibaki kushuka tu.

Tukampakia pamoja na mama yake mzazi na Bi Zuhura. Watu watano, nguo zimelowa chepechepe, madirisha yamefungwa. Baada ya dakika chache kioo cha mbele kikawa cheupe kama kimepakwa chokaa. Waipa zilifuta nje vizuri, lakini ukungu ulikuwa ndani. Bakari alifuta kwa kitambaa, nikafuta kwa kiganja, ukarudi kabla hatujateremsha mkono. Tulifungua madirisha, mvua ikaingia hadi kwa mgonjwa. Bakari akatoa kichwa nje akaendesha hivyo, matope yakimpiga usoni, mpaka gurudumu la kushoto lilipoteleza na kukanyaga ukingo wa korongo. Alifunga breki taratibu. Chini yetu vilionekana vilele vya migomba, navyo vilikuwa mbali sana.

Alirudisha gari katikati ya barabara, akazima injini. Kisha akanigeukia, na kwa sauti ya chini ambayo waliokaa nyuma hawakuisikia akasema, "Fundi, mimi niliandika mara tatu."

Nilichukua mkoba wa vifaa, nikalala chini ya dashibodi, miguu ikiwa nje kwenye mvua.

Bi Zuhura aliuliza nitachukua muda gani, nikamwambia nusu saa. Akasema nusu saa anayo, ila saa nzima hana.

Nilianza na fyuzi. Testa iliwaka pande zote mbili, kumaanisha fyuzi ni nzima. Nikapima kwenye plagi ya feni, ikawaka pia. Waya wa hasi ulikuwa umeshika vizuri kwenye bodi. Basi umeme unafika, ubovu uko ndani ya mota. Nilifungua bolti tatu nikaishusha. Ndani ya mota ya namna hiyo kuna kaboni mbili, vipande vidogo vyeusi vinavyosukumwa na springi ili vipeleke umeme kwenye sehemu inayozunguka. Moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa imelika yote, limebaki vumbi. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya haragwe, na kwenye kabati langu Kilwa vilikuwamo vimejaa kopo.

Nikauliza kama kuna mwenye tochi. Mama mzazi wa mgonjwa alikuwa nayo kwenye kikapu. Ndani ya betri ya tochi kuna kijiti cha kaboni, watoto wa zamani walikitumia kuchorea ukutani. Nilipasua betri moja kwa koleo, nikakata kipande, nikakisugua kwa tupa mpaka kikaingia mahali pake. Cha kwanza kilivunjika. Mgonjwa alikuwa akilia kwa sauti ya chini, na mama yake akisoma dua bila kukoma. Cha pili nilikisugua taratibu mno, huku mikono ikitaka kuharakisha. Nikadondosha tone la oili ya injini kwenye bushi zinazoshika mhimili, maana zilikuwa zimekauka, nikafunga, nikamwambia Bakari awashe.

Feni ilikoroma. Ikasimama. Nikaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, halafu ukaja upepo, na upepo ukawa wa moto. Chini ya kioo yakatokea madoa mawili ya uwazi, yakakua, yakakutana. Barabara ikaonekana.

Bakari aliweka gia, tukashuka.

Tulifika hospitali ya Kilwa kabla ya alasiri. Nilikaa kwenye ngazi za nje. Baadaye yule mama mzazi akatoka, akaketi kando yangu kana kwamba tunafahamiana tangu zamani. "Alhamdulillahi," alisema. "Wa kike. Wote wawili wazima." Nililia mbele yake, na sikuona haya.

Kesho yake nililipeleka daftari mwenyewe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Alisoma kurasa zile tatu, akauliza kama mwandiko mwekundu ni wangu. Nikasema ni wangu.

"Sitakuandikia barua ya onyo," alisema. "Ila tangu leo usiamue peke yako kipi si muhimu. Muulize anayeendesha."

Wiki ile niliweka kaboni mpya kwenye feni zote za wilaya. Nilihamishwa tena, Nachingwea, kisha Lindi, nikamaliza nikiwa Mkuu wa Karakana. Kila fundi mgeni nilimtuma kwanza akapande gari pamoja na dereva, safari nzima, kabla ya kushika spana. Wengine walinung'unika. Magari ya sasa unayachomekea kompyuta yakakwambia yanaumwa wapi, na mimi sina ugomvi nayo, ingawa sijaona kompyuta inayojua dereva anaogopa nini.

Nilipostaafu nilibaki Lindi. Mwaka jana Bakari alikuja mjini kwa mwanawe, tukakaa kibarazani kunywa kahawa. Nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni miaka yote: kwa nini siku ile hakunisema kwa yeyote, wala kwa Mganga Mkuu, wala kwa madereva wenzake.

Alishusha kikombe.

"Feni ilipozunguka niliiona barabara, Fundi," alisema. "Siku ile sikuhitaji kingine."

Nikamwongezea kahawa. Sikumbuki lini tena kifua changu kilikuwa chepesi namna ile.