Safari Hakuwa Safarini

Baba yangu, Safari bin Kombo, alikuwa fundi wa mizani. Alikaa Korogwe akimfanyia kazi Mhindi mmoja aliyetengeneza mizani za mashamba ya mkonge. Kila baada ya miezi minne mawe ya mizani, yale ya chuma, hayana budi kuletwa Tanga yalinganishwe na mawe ya Serikali, na baba ndiye aliyeyaleta, kwa lori. Saa sita mchana aliyakabidhi ofisini, saa kumi aliyapokea, akatia sahihi, lori likageuza. Hapo katikati pana saa nne, na hizo tu ndizo zilizokuwa zake.

Wenzake walizilala chini ya lori. Baba alizipanga. Kwanza adhuhuri, msikitini Ngamiani. Kisha kwa kinyozi Asheri, Msambaa, maana alisema vinyozi wa Korogwe hawanyoi, wanachuna. Kisha mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, akila amesimama, kwa kuwa ukiketi muuza chai atakuletea na habari za mji mzima. Saa zilizobaki zilikuwa zangu. Alikuja kwa miguu mpaka Nguvumali, akaketi nami barazani kwa mjomba Hatibu, nikamsomea kitabu cha shule naye akisikiliza kwa jicho moja limefumba. Nimesoma mpaka darasa la nne. Waliokuwa wakipita wakinicheka hawakujua kuandika hata majina ya mama zao.

Barazani, nasema. Ndani hakukaribishwa. Mama yangu, Mwatumu, alikwisha achika akarudi kwa kaka yake, lakini chuki ya mjomba haikutokana na talaka. Ilitokana na jiwe. Mjomba alinunua mbata, nazi kavu, kwa wakulima. Siku moja, zamani wakiwa bado mashemeji wa kupeana mikono, mkulima mmoja alimwomba baba alitazame jiwe la mizani pale dukani. Baba akalipindua, akaligonga kwa kucha, akasema mbele za watu, "Jiwe hili limeyeyushiwa risasi tumboni. Ni zito kuliko lilivyoandikwa." Ilitosha. Wakulima wakaanza kupeleka mbata zao kwingine.

Tangu hapo mjomba akampa jina: Bwana Saa Nne.

"Karibu, Bwana Saa Nne. Umekuja kulea?"

"Nimekuja kumwona mwanangu, shemeji."

"Mtoto halelewi kwa saa nne. Hata kuku huatamia zaidi."

"Kuku hana tajiri anayemngoja na lori," baba alijibu, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakacheka. Mjomba hakuwa mtu wa kusahau kicheko.

Mwaka 1956 nikiwa na miaka kumi na sita akaja kuniposa Uweso, mfanyabiashara wa Maramba, mshirika wa mjomba. Ana wake wawili, na binti yake wa kwanza kanizidi umri. Mimi niliambiwa zimebaki siku tatu. Wallahi, siku tatu! Nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo tulivyofundwa, mwari hana jibu. Na kwetu bikira akinyamaza husemwa karidhia.

Mjomba akaenda kwa shekhe wa msikiti. Shekhe huyu alikuwa mgeni, mtu wa Lamu, hajatimiza miezi miwili mtaani. Maneno yao alinisimulia muadhini, aliyekuwa ameketi pale pale akitengeneza taa.

"Na baba yake binti?" shekhe aliuliza.

"Safari," akasema mjomba.

"Atarudi lini?"

Hapo mtu mwenye haya angecheka, akasema, shekhe, hilo ni jina lake. Mjomba akainamisha kichwa kama mfiwa. "Haijulikani, shekhe."

Shekhe akaandika kwenye daftari lake kwamba baba yuko safari. Sheria tunaijua: wali, yaani baba mwenye haki ya kumwozesha binti, akiwa mbali mwendo wa siku mbili, mwenye idhini ya kadhi huozesha kwa niaba yake. Mahali pa jina la baba akapaacha wazi, atapajaza siku ya ndoa. Ndoa ikawekwa Alhamisi, baada ya alasiri.

Mjomba alijua baba haji mpaka mwezi wa mbele. Asichokijua ni kwamba shamba moja huko Korogwe lilikuwa limegombana na yule Mhindi juu ya mizani, wakataka mawe yahakikishwe upesi. Alhamisi hiyo hiyo, saa sita, baba akashuka kwenye lori.

Alisali, akaenda kwa Asheri, akangoja zamu mpaka karibu saa tisa. Asheri alikwisha maliza upande wa kushoto aliposema, "Hongera, Mzee Safari. Lakini mkwe wako ana nywele za chuma, asubuhi kautia wembe wangu ubutu."

"Mkwe gani?"

"Uweso wa Maramba. Si anamwoa Asmahani leo, baada ya alasiri?"

Baba akasimama na povu la sabuni sikioni.

"Kaa nimalize, Mzee. Huwezi kwenda hivyo kwa watu."

"Kichwa kitangoja," baba akasema, akavaa kofia, akatoka.

Mimi nilikuwa chumbani, nimepakwa hina mikono na miguu, nimefunikwa ushungi, na kungwi wangu Bi Mwanamkasi kaketi kitandani ananilinda kama mahabusu. Nikasikia vinu vimenyamaza uani. Kisha wanawake wakaangua kicheko. Kofia, nilikuja kuambiwa, ilikuwa imemwanguka baba pale mlangoni.

"Alaa! Bwana Saa Nne," ilisema sauti ya mjomba. "Leo umekuja na nusu kichwa?"

"Hatibu, nani anamwozesha mwanangu?"

"Shekhe."

"Kwa idhini ya nani?"

"Aliniuliza habari za baba yake. Nikamwambia Safari." Mjomba aliwageukia jamaa zake, na sauti yake ilinenepa kwa raha. "Jina lako si Safari? Uongo wangu uko wapi?"

Wakacheka. Wote walicheka, na wengine baba alikuwa amewatengenezea mizani zao bure.

Baba aliwapa kisogo. Alizunguka nyumba mpaka dirishani kwangu. "Asmahani!"

Bi Mwanamkasi akaniziba mdomo. "Nenda zako, baba. Mwari haongei na mwanamume dirishani."

"Mimi si mwanamume, mimi babake."

"Leo hakuna baba wala babu. Nenda!"

"Asmahani, mwanangu, mtu huyu umemridhia?"

Nikamng'ata kungwi wangu. Nilimng'ata kwelikweli, chini ya kidole gumba, na mpaka leo sijaijutia ladha ya ile hina ya mkononi mwake. "Baba, sijaulizwa!"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Nilitazamia atasema neno kwa ajili yangu. Alisema, "Safari, tafadhali. Usiniharibie nyumba ya kaka yangu, sina nyingine. Lori litakuacha."

"Na liniache, Mwatumu."

Nikasikia viatu vyake vikienda mbio. Ya msikitini niliyapata baadaye, kwa baba na kwa muadhini, na hayakupishana.

Baba alifika alasiri imekwisha saliwa, Uweso keshaketi mbele ya shekhe kwenye jamvi, joho mabegani. Lori lilikuwa likimngoja na saa kumi imekaribia. Akavua viatu, akapita katikati ya watu.

"Shekhe, ndoa hii haina wali."

"Wali yuko safari," akasema shekhe.

"Wali ni Safari. Ndiye mimi."

"Yuko safari, nawe uko hapa?"

"Ni jina, shekhe! Mama yangu alinizaa njiani akienda Pangani, wakaniita Safari. Siko safari. Niko hapa miguuni pako."

Shekhe akamgeukia mjomba. "Unamjua mtu huyu?"

Mjomba akamtazama baba, upande ulionyolewa, kisha upande wenye nywele. "Simjui. Tazama mwenyewe kichwa chake. Wendawazimu wa namna hii wamejaa mjini."

Palikuwa na wanaume wapatao arobaini mle ndani. Wengi wao baba aliwahi kuwapa mkono. Lakini harufu ya pilau ya mjomba ilikuwa inawafikia pale walipo, wakatazama jamvi. Siwataji majina. Wajukuu zao wanapita hapa kwangu kila siku, na mimi nawaitikia shikamoo zao.

Aliyesema alikuwa Asheri. Alikuwa amemfuata baba kutoka Ngamiani kwa baiskeli, akasimama nje ya mlango wa msikiti, kitambaa cha kinyozi begani na wembe mkononi. "Mimi namjua! Huyu ni Safari, fundi wa mizani, babake Asmahani. Nusu ya nywele zake ziko sakafuni kwangu, anayetaka aje azione."

"Shahidi gani huyu?" mjomba akafoka. "Mkristo na wembe mkononi?"

"Sitafuti shahidi wa ndoa," akasema shekhe. "Natafuta jina la mtu." Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye ile nafasi aliyoiacha wazi. Kisha akamwita muadhini. "Nawe? Unamjua au humjui? Umo ndani ya msikiti."

Muadhini akasema, "Ndiye babake, shekhe. Na jina lake ndilo hilo."

"Hatibu," akasema shekhe, "mimi nilikuuliza atarudi lini."

Mjomba alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanzu yake. Shekhe akamwelekea baba. "Mzee Safari, wewe ndiye wali. Unaozesha?"

"Binti yangu hajaridhia. Siozeshi."

Daftari likafungwa. Uweso akanyanyuka akijikung'uta joho. "Hatibu, umenitoa Maramba nije kutazama kichwa cha mtu?" Akaondoka na watu wake bila kugusa pilau.

Mjomba alitangulia kufika nyumbani. Hakunitazama. Alichukua kikapu changu cha nguo na vitabu akakitupa uani, kikamwagika karibu na majiko. Baba alipoingia alimwambia, "Mchukue. Hapa hana pa kulala, si leo wala kesho. Tuone utamlea kwa saa ngapi."

Baba akaniokotea vitabu kimoja kimoja. Wanawake wakapiga kelele kwamba mwari katoka na hina mbichi, mkosi huo, wengine wakatutemea mate nyuma. Mama hakutoka. Baba alinishika juu ya kiwiko, hina isiharibike, tukaondoka.

Ofisi ya mawe tuliikuta imefungwa na lori limekwisha kwenda, na mawe yake limeyachukua bila sahihi. Kwa kosa hilo Mhindi alimwachisha kazi, kwa barua ya mistari miwili. Baba akabaki Tanga, akatengeneza mizani kwenye chumba cha ukuta mmoja na kinyozi mpaka kufa kwake, na mimi nilikaa naye. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile tulikwenda kwa Asheri. Baba akaketi kwenye kiti, Asheri akamalizia upande wa kulia.

Kabla ya magharibi mlango ukagongwa. Bi Mwanamkasi, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Nimetumwa nguo," akasema. "Doti ya kanga, ushungi na vikuku. Ni za mwenyewe Hatibu."

Yudith, mke wa Asheri, alinipa gauni lake. Nilikwenda nyuma ya pazia nikavua kila kilichotoka Nguvumali, nikakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama alivyonifundisha Bi Mwanamkasi mwenyewe, nikamkabidhi mikononi. Alihesabu vikuku, akafunga mzigo, akaanza kuondoka.

"Na hii hina?" nikamuuliza, nikimwonyesha viganja vyote viwili.

"Hiyo itakutoka yenyewe."

"Basi mwambie mjomba angoje," nikasema, nikafunga mlango.