Inchi Mbili za Bomba

Gari langu la kwanza lilikuwa la Kijapani, la kijivu, lenye buti refu, na nililipenda kuliko inavyomfaa mtu mzima kupenda chuma. Nilikuwa karani wa reli, nikiishi Makongeni katika nyumba za wafanyakazi, na safu yetu nzima haikuwa na gari jingine. Mwenye gari katika mtaa kama ule hamiliki peke yake. Mama akishikwa na uchungu, unagongewa mlango. Maiti ikisafirishwa nyumbani magharibi, unaulizwa wewe utabeba akina nani. Nililalamika sana juu ya mzigo huo, na kila aliyenisikia alijua kwamba nilikuwa najisifu.

Miaka ile ya tisini haikuwa mizuri kwa magari ya namna hiyo. Langu lilianza kuchoka likipanda mlima, nikakanyaga mafuta na lisiitike. Fundi wangu, aliyefanyia kazi kwenye kiwanja kitupu karibu na reli, alilala chini yake, akagonga bomba kwa spana, akatoka akipangusa mikono.

"Kataliti imeziba, mzee."

Alinionyesha. Katikati ya bomba la moshi kulikuwa na kopo la chuma, na ndani yake kitu chenye vitundu vingi, kama masega ya nyuki. Kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje. Kule gari lilikotengenezwa petroli ilikuwa safi, lakini yetu ilitiwa madini ya risasi, na risasi ilikuwa imeyaua yale masega polepole. Ilibidi kuweka nyingine, na fundi akaniambia niende nikachague mwenyewe, ili nisije nikamlaumu.

Nilianza na duka la wenye kampuni, Eneo la Viwanda. Karani wa koti jeupe aliniletea ya kiwandani, nzito, ndani ya katoni, nambari zake zimepigwa mhuri kwenye bati. Nilipouliza bei alinijibu bila kuniangalia, na hilo likaniudhi kuliko bei yenyewe. Kutoka hapo nikaenda Eastleigh, kwenye duka la vipuri lililojaa mpaka mlangoni. Mwenye duka alinikaribisha kwa jina la mzee, akanipa kiti, akaniwekea mkononi kataliti ya bandia. Ilikuwa nyepesi, rangi yake ya fedha iliniachia alama vidoleni. "Ni ile ile," akasema. "Ile ingine unalipia katoni."

Nikanunua hiyo. Kwa tofauti ya bei nikanunua redio ya kaseti na vifuniko vinne vya magurudumu vinavyong'aa. Naviandika vifuniko hivyo hapa kwa sababu kwa miaka mingi, kila nilipojisimulia habari hii, niliviruka.

Fundi aliipima, akaguna. "Hii ni fupi inchi mbili, mzee. Ile ya kampuni ingeingia na boliti zake. Hii lazima niiunge na kipande cha bomba, na kiungo kitakuja hapa, chini ya kiti cha nyuma. Baada ya wiki moja niletee nikiangalie. Na ukisikia inanguruma, usiende mbali nayo."

"Si petroli yetu itaiua tu, hata ingekuwa ya kampuni?"

"Itaiua, ndiyo. Lakini mimi naongea juu ya kiungo."

Wiki ilipita, sikurudi. Jumamosi ile niliyopaswa kumpelekea, nilikuwa nje ya nyumba nikisugua vifuniko kwa kitambaa, redio ikiimba, majirani wakinitania kwamba sasa nimebakisha kuoa tu.

Haukupita mwezi, jirani yangu wa mlango wa tatu akafariki. Tulifanya kazi ofisi moja, tulitoka wilaya moja, tuliimba kwaya moja. Aliugua tumbo siku tano, na siku ya sita tukaambiwa tumletee nguo. Aliacha mke kijana na binti wa miaka miwili. Kwa kuwa kifo kilikuja haraka hivyo, watu wa nyumbani walifika Nairobi wakiwa na maswali tayari, na maswali ya namna ile humtafuta mke kwanza. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Ratiba ya safari ilipangwa. Jeneza, waombolezaji, mjane na mtoto wake wangepanda basi la kukodi. Mimi nilipewa wazee: mama mzazi wa marehemu na shangazi zake wawili. Tulipewa pia msalaba wa kaburi, wa mbao nzito, nao haukutosha ndani ya buti. Tuliuacha utokeze nje, tukaufunga mlango wa nyuma kwa kamba ya manila, ukabaki wazi kiasi cha mkono.

Kabla hatujaondoka mochari, mjane alikuja kwenye dirisha la gari na thamosi ya chai ya maziwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa amekumbuka kwamba mama mkwe wake hawezi baridi. Alimpa kwa mikono miwili. Mama yule alipokea, akina shangazi wakamiminiwa. Mimi nilikataa. Sinywi chai nikiendesha, kibofu changu hakina adabu.

Tulipopita Naivasha nilisikia mngurumo. Kwanza mdogo, kisha mtu yeyote angeusikia. Nikaongeza sauti ya redio, nyimbo za dini, nikajiambia nitaangalia tukifika Nakuru. Nakuru basi halikusimama, na mimi sikutaka kubaki nyuma, nikajiambia Eldoret. Tulipoanza kupanda kuelekea Timboroa baridi ilikuwa kali, akina mama wakapandisha vioo vyote na kujifunika leso. Mimi niliacha changu wazi kidogo, kwa mazoea. Kichwa kilikuwa kinaniuma kama kimefungwa kwa waya. Nilidhani ni kukesha kwenye matanga.

Shangazi mmoja aliomba nisimamishe, akatapika kabla sijasimama. Wa pili alikuwa analia kwamba haoni vizuri. Mama wa marehemu hakuomba kitu. Nilipofungua mlango aliniangukia mikononi, mzito, midomo imelegea, na nikafikiri nimeua.

Tukamlaza kwenye nyasi. Basi, tuliloliacha nyuma kwenye mlima, lilitufikia, watu wakashuka wakipiga mayowe, na upepo ule ule waliouogopa ndio uliomrudisha. Alifumbua macho, akaita jina la mwanawe. Watu walipokuwa wamemzunguka nilichuchumaa, nikachungulia chini ya gari. Kiungo kilikuwa kimeachia. Kidole kingeingia. Moshi ulikuwa unamwagika chini ya kiti cha nyuma na mwingine ukivutwa ndani kupitia mlango tuliouacha wazi kwa ajili ya msalaba. Moshi ambao kopo zuri, lililofungwa vizuri, lingeusafisha na kuupeleka nje. Nilisimama, nikafuta magoti. Hakuna aliyeniuliza nilichokiona, nami sikusema.

Eldoret, akina mama wakiwa kwenye zahanati, nilimtafuta fundi wa kando ya barabara, akazungushia kiungo bati la kopo la mafuta ya kupikia na kukikaza kwa waya. Kaka wa marehemu alikuja akanikuta pale. Akauliza kuna nini. Nikamwambia ni breki.

Muuguzi alisema ni presha ya majonzi. Shangazi mkubwa, aliyekuwa na akili kali, alimkatalia. Majonzi hayawezi kushika watu watatu saa moja, alisema, na kule kwenye basi walilia watu arobaini bila mmoja kutapika. Akatafuta walichofanya wao watatu ambacho wale arobaini hawakufanya. Jioni, tulipofika bomani kwa marehemu, thamosi ilikuwa imekwisha kufichwa kama ushahidi.

Mazishi yalifanywa. Mjane alisimama upande wa pili wa kaburi, peke yake na mtoto mgongoni, na hakuna mwanamke aliyemshika mkono. Kesho yake asubuhi wanaume wa ukoo waliketi, nami nikaitwa kwa heshima, nikapewa kiti chenye mto. Kaka wa marehemu aliniuliza kwa lugha yetu, polepole, mbele ya wote:

"Wewe ulikunywa ile chai?"

"Hapana," nikasema.

"Na uliugua?"

Nilitazama gari langu. Lilikuwa limesimama uani, na watoto walikuwa wanajitazama kwenye vifuniko vya magurudumu. Ningesema, hata mimi kichwa kilikuwa kinanipasuka, na chai sikunywa. Ingetosha. Mtu mwenye akili kama yule shangazi angemalizia mwenyewe. Lakini ningeulizwa kwa nini, na ningelazimika kulala chini ya gari lile na kuwaonyesha kopo la mafuta ya kupikia, na kila mtu angejua kwamba mtu wa reli, mwenye gari, karibu aue mama mfiwa kwa ajili ya ubahili na redio.

"Mimi nilikuwa sawa," nikasema.

Kaka mtu aliwageukia wengine. "Mmesikia."

Sikungoja kusikia uamuzi. Nilisingizia kazi, nikaondoka mchana ule ule. Niliupata Nairobi: mwanamke arudi kwao, mtoto abaki, mtoto ni wa ukoo. Kwao hakurudi. Alikuja Makongeni kutoa vitu kwenye nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kazi ya mumewe, akapata chumba Majengo, akawa anafuma sweta na kuuza Gikomba.

Wiki ile ile nilienda Eneo la Viwanda nikanunua ya kiwandani. Nililipa bila kupunguziwa, karani wa koti jeupe hakuniangalia tena, na safari hii niliona ninastahili. Fundi aliifunga kwa boliti, hakuchomelea kitu. Alilitazama lile bati la kopo, akanitazama mimi, akalitupa kwenye rundo la vyuma. Yeye peke yake ndiye aliyewahi kujua, na hakujua kwamba anajua.

Mwaka na nusu baadaye nilikutana na mjane Gikomba. Nilitaka kujificha nyuma ya marundo ya mitumba, lakini aliniita kwa furaha, "Shemeji!" Alining'ang'aniza mpaka chumbani kwake, akabandika chai. Alipoiweka mbele yangu hakuketi. Alisimama akinitazama. Nikaelewa, nikakiinua kikombe, nikanywa. Akaanza kulia.

"Tangu siku ile," akasema, "hakuna mtu wa nyumbani aliyekunywa kitu mkononi mwangu. Na wewe, shemeji, niliambiwa. Wote walinisema vibaya, lakini wewe ulisema tu kwamba hukunywa. Hukuniongezea neno. Mungu atakukumbuka."

Nilikunywa vikombe vitatu. Nilijua kabisa ninachofanya: mtu mwenye kikombe mdomoni hawezi kutakiwa kusema. Chai ilikuwa tamu, ya tangawizi, na ningependa kusema kwamba ilinikwama kooni, lakini haikunikwama. Ilishuka vizuri tu. Nilijichukia kwa hilo, na bado najichukia.

Nilipoaga alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na sweta nyekundu ya mtoto, yenye vifungo vidogo vyeupe. Alikuwa amesikia kwamba Desemba naenda nyumbani. "Mpelekee mtoto wangu," akasema. "Asubuhi kule kuna baridi."

Safari ile gari lilipanda Timboroa bila mngurumo. Njia nzima niliyapanga maneno. Nitaingia, nitasalimia, nitamwita kaka mtu na shangazi, nitawapeleka kwenye gari. Niliyapanga kwa lugha yetu, kwa mpangilio, na yalikuwa maneno mazuri. Nilipofika bomani nilimkuta bibi wa mtoto uani, mzima wa afya, akichambua maharagwe. Aliniinukia. Aliniita mwanangu, akasema mimi ndiye niliyemfungulia mlango siku ile akapata hewa, la sivyo sumu ingemmaliza.

Nikatoa sweta. Mkono wake ulisita kabla haujaigusa.

"Imetoka kwa nani?"

Nilijua kwamba nikijibu kweli itaingia motoni. Nilijua pia kwamba gari lilikuwa pale, hatua kumi nyuma yangu, na kwamba jibu lile lingeweza kuwa mwanzo wa yale maneno mazuri.

"Kwangu," nikasema.

Akamwita mtoto. Alikuja mbio, amekuwa mrefu, ana macho ya mama yake. Bibi alimvalisha pale pale. Vifungo vilikataa kufika, na mikono ya sweta iliishia karibu na viwiko, kwa sababu aliyeifuma aliifuma kwa kipimo cha mtoto aliyenyang'anywa siku ile ya kikao cha ukoo, na kipimo kingine hakuwa nacho.

Bibi alicheka mpaka akashika magoti. "Nyinyi wanaume," akasema. "Hamjui hata mtoto ana ukubwa gani."

Nami nikacheka naye.