Nozeli za Mama Herieth

"Umenibadilishia nozeli, Albano! Zangu nilizipaka rangi ya kucha, mbona hizi hazina?"

Mama Herieth alifoka uani kwake Kiwalani. Pikapu yake kuukuu ya dizeli, ambayo nozeli zake za kupulizia mafuta kwenye injini zilikuwa zimefunguliwa, ndiyo angebebea ndizi za kuuza sokoni Mabibo. Albano, fundi wake, akimwibia vipuri, biashara imekufa. Tangu asubuhi alimlinda, akabanduka mara moja tu kutazama sufuria.

"Nimeziosha kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, mama. Chovya kidole kwenye kopo hili uone."

Alichovya, akasugua kwa kanga. Rangi kwenye ukucha wake ikatoka yote.

"Si ungesema?"

"Ungeniamini?"

Mama Herieth aliingia ndani, akamtolea ugali wa mchana aliokuwa amemnyima kwa hasira.

"Kula. Ukimaliza, zifunge nikiwa naziangalia."