Nzuki wa Ikutha na Vidole Vilivyonyamaza

Pale Ikutha, mwaka wa themanini na sita, pikipiki zilikuwa za kuhesabika: ya pasta, ya bwana kilimo, ya bwana afya, na mbili tatu za wanunuzi wa mbuzi. Zote zilipitia mkononi mwa Nzuki. Fundi huyo, usimchezee! Tapeti, yaani nafasi za valvu, aliziseti alfajiri tu, maana injini lazima iwe baridi, na Ikutha saa nne hata jiwe lina homa. Ukimletea mchana alikwambia, "Iache hapo ilale," na hata ungekuwa chifu ungerudi nyumbani kwa miguu.

Fila zake, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi kwenye valvu, alizichagua mwenyewe kule Kibwezi. Mwenye duka alimtolea seti inayong'aa. Nzuki akakunja kibamba kimoja, kikabaki kimepinda. "Hiki kitanidanganya," akasema, akachukua seti nyingine iliyofifia, ambayo vibamba vyake vilinyooka vyenyewe. Kila kimoja kilikuwa na namba, lakini namba ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kidole. Kibamba kipite huku kimeshikwa kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu cha nyimbo. Kikipita bure, valvu itagonga. Kikikataa kupita, valvu haitafunga, na itaungua.

Basi mwaka uliofuata vidole vikanyamaza. Kilianza kidole cha mwisho cha kulia, kikafuata jirani yake, halafu vyote, hata vya kushoto. Havikuuma. Afadhali vingeuma! Alivuta kibamba asijue kama kimeshikwa, akakisia, akakaza nati. Na ajabu ni kwamba hakuogopa sana. Aliamka, akala, akafanya kazi, basi. Alijua kitu kimoja tu: shangazi yake wa Kyuso alianza hivyohivyo, akaishia kibandani peke yake, akisukumiwa chakula kwa kijiti.

Pikipiki zikaanza kurudi. Ya pasta ilikataa kilima katikati, ikikohoa. Na soko halikosi midomo: Nzuki ameanza kunywa kaluvu! Wazee wa kanisa wakamwita, maana naye alikuwa shemasi.

"Ndugu Nzuki," pasta akauliza, "ni kweli unakunywa pombe?"

Nzuki, ambaye tangu aokoke hajaonja hata tone, akasema, "Ni kweli."

Jamani! Mtu anakiri dhambi asiyoifanya! Wakamvua ushemasi, wakamnyima meza ya Bwana miezi sita. Mkewe, Kasyoka, alitaka kupasuka kwa hasira.

"Baba Mbinya, mimi nalala na wewe. Pombe gani hiyo ambayo sijawahi kuinusa?"

"Ni sawa tu, Mama Mbinya." Siku hizo kila kitu kilikuwa sawa tu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Nzuki aliumbuliwa na damu. Asubuhi moja Kiilu, yule bwana afya aliyezungukia wagonjwa wa kifua na wa ukoma, alileta pikipiki yake, akaketi juu ya debe akitazama. Fila ikamkata Nzuki. Damu ikachuruzika juu ya injini, naye anaendelea kuvuta, uso mkavu.

"Mzee, umejikata."

"Wapi?"

Kiilu akang'oa unyasi. Akamwambia afumbe macho, aseme kila akiguswa. Nzuki akafumba, akangoja, akangoja.

"Kwani hujaanza?" akauliza.

Alikuwa ameguswa mara saba.

Kiilu hakuzungukazunguka. "Ni ukoma, mzee. Ukoma una dawa." Nzuki akamtajia shangazi yake wa Kyuso. "Yeye hakuipata, wewe utaipata, na utapona."

"Na vidole?"

"Ukivitunza hutavipoteza. Lakini kusikia kulikokwisha kwenda, sidhani kama kutarudi."

Nzuki akaitikia kwa kichwa, kama aliyetajiwa bei ya pojo.

Kasyoka alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kwa hiyo ulikubali kuitwa mlevi," akasema, "ukidhani nitakukimbia?" Akalia peke yake, kwa niaba ya wote wawili, kisha akapangusa mikono kwenye leso akaishika fila. "Nionyeshe."

Ikawa hivyo. Nzuki anachagua kibamba, anapandisha pistoni, anageuza skrubu kwa msaada wa macho. Kasyoka anavuta: "Imekaza. Legeza. Bado. Hapo!" Pikipiki ya pasta ikapanda kilima bila kukohoa. Kiilu alitaka wakamweleze pasta ukweli, lakini Nzuki akasema atamaliza adhabu yake kwanza, amekwisha izoea.

Bwana afya aliagiza mikono ilowekwe majini kila siku, ipakwe mafuta, ikaguliwe isije ikawa na jeraha. Siku moja baada ya chakula cha mchana waliketi mlangoni, karai la maji katikati yao. Nzuki alikuwa akiangalia mbuzi wakipelekwa mnadani. Alipogeuka kuuliza mafuta yako wapi, akakuta mikono yake yote miwili imo ndani ya mikono ya Kasyoka, inang'aa mafuta, naye anaikanda polepole, hata hana haraka.

Nzuki akatazama vile vidole vyake vikishikwa, akalia kama mtoto.

"Usiache," akasema. "Niambie tu unashika wapi."

"Hapa ni kidole cha mwisho," Kasyoka akasema. "Hapa ni jirani yake. Sasa nimekushika kiganja chote."